Umbali Ni Uleule, Mbona Saa Zinabadilika?

Kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow ulioko London na ule wa John F. Kennedy ulioko New York kuna kilomita 5,540 hivi. Umbali huo hauongezeki wala haupungui. Hata hivyo, ratiba humwandikia anayetoka London muda wa saa nane hivi, na anayetoka New York saa saba. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikisukumwa na upepo wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56. Na miaka 24 kabla ya hapo, tarehe 7 Februari 1996, Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ilikuwa imeshaikata njia hiyo kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59.

Umbali mmoja, muda wa aina nne. Ndiyo maana mtu anapouliza "kutoka mji huu hadi ule ni saa ngapi kwa ndege?" anakuwa ameuliza maswali kadhaa kwa mkupuo mmoja bila kujua. Kurasa za intaneti zinazomjibu hazikubaliani, na mara nyingi hakuna hata mmoja anayedanganya: huyu amejibu kuhusu umbali wa miji, yule kuhusu viwanja, mwingine amehesabu muda wa kuwa hewani, na wa nne amenakili ratiba. Nimekaa na maswali haya kwa miaka, na bado naona watu wakiachwa na ndege ya pili ya safari kwa sababu walikokotoa muda kwa kugawanya kilomita kwa kasi wakadhani wamemaliza.

Tuanze na umbali, maana ndio ulio rahisi.

Chukua tufe la dunia, lile la mezani linalofundishia jiografia, na kipande cha uzi. Bana ncha moja ya uzi juu ya Helsinki, Finland, na ncha nyingine juu ya Anchorage, Alaska. Miji hii iko karibu latitudo moja, digrii 60 na ushei kaskazini mwa ikweta, ila kila mmoja uko upande wake wa dunia. Ukiitazama kwenye ramani ya ukutani utaapa kwamba njia fupi ni kushika mstari wa latitudo na kwenda nao magharibi, kuvuka Atlantiki na Kanada. Sasa vuta uzi ukaze. Utauona unateleza juu ya tufe, unaiacha ile latitudo, unapanda kaskazini, na hautulii mpaka uwe umepita jirani kabisa na Ncha ya Kaskazini. Kwa kushika latitudo ni kilomita 9,500 hivi. Kwa kufuata uzi uliokazwa ni 6,500.

Mstari huo wa uzi uliokazwa huitwa duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza utaizunguka dunia nzima na kuikata katika nusu mbili zilizo sawa, mithili ya ikweta. Umbali wa anga unaotajwa kati ya viwanja viwili ni urefu wa kipande cha duara hilo. Kinachotuchanganya ni ramani bapa. Ile tuliyoizoea zaidi ilibuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha akichora mstari ulionyooka aweze kushika mwelekeo mmoja wa dira hadi mwisho. Faida hiyo ina gharama yake: kadiri unavyozikaribia ncha za dunia ndivyo ramani inavyotanuka. Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa mara 14. Kwa hiyo njia ya ndege inayoonekana imepinda kama upinde kwenye kioo mbele ya kiti chako ndiyo iliyonyooka, na uliopinda ni ule mstari ambao jicho lako lilitaka ndege iufuate.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kila uwanja una latitudo na longitudo yake. Kompyuta inachukua nukta hizo mbili na kutafuta pembe iliyopo kati yake kana kwamba umesimama katikati ya dunia. Heathrow na Kennedy zimetengwa na pembe ya digrii 49.8. Kila digrii ya duara kuu ni kilomita 111.2 juu ya uso wa dunia. Zidisha, utapata 5,540. Hapo ndipo ilipozaliwa pia maili ya baharini ambayo marubani wanaitumia hadi leo: digrii moja ina dakika 60 (za pembe, si za saa), na kila dakika ni maili moja. Mwaka 1929 ilikubaliwa kimataifa kuwa ni mita 1,852 kamili. Kwa hiyo njia yetu ni kilomita 5,540, au maili za kawaida 3,442, au maili za baharini 2,991. Ukikuta tovuti mbili zinatofautiana kwa mamia, angalia kwanza kama zote zinazungumzia maili ileile.

Tofauti ndogo zaidi zina sababu nyingine. Dunia si mviringo kamili: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, lakini hadi kwenye ncha ni 6,357. Anayehesabu kwa tufe kamili anaweza kukosea kwa kiasi cha nusu asilimia. Halafu kuna suala la mji na uwanja wake. Tokyo ina viwanja vikubwa viwili: Haneda uko kilomita 15 hivi kutoka katikati ya mji, Narita uko kama 60. Anayekwambia "umbali wa Tokyo" bila kutaja uwanja hajakwambia jambo la kutosha.

Basi, hayo ndiyo yote kuhusu umbali. Ni jambo la jiometri, na jibu lake likishapatikana limepatikana. Muda ni kiumbe kingine.

Kwanza, ndege haiufuati uzi ule sawasawa. Inapaa ikiuelekea upepo, hata kama upepo unatoka upande usio wa safari, kisha inageuka. Angani inapita kwenye nukta zilizopewa majina, katika njia zilizopangwa ili ndege zisikaribiane. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia hizo hupangwa upya mara mbili kila siku: kituo cha Shanwick, cha Uingereza na Ireland, kinapanga za mchana kwa ndege zinazokwenda magharibi, na kituo cha Gander, Canada, kinapanga za usiku kwa zinazokwenda mashariki. Kukiwa na wingu la radi, rubani analizunguka.

Wakati mwingine kinachozungukwa ni nchi nzima. Tangu mwishoni mwa Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mashirika ya nchi za Umoja wa Ulaya na ya Uingereza hayapiti katika anga la Urusi. Safari ya Finnair, shirika la Finland, kutoka Helsinki hadi Tokyo, iliyokuwa ikichukua saa tisa na nusu hivi, ikawa ya saa 13, mara nyingine kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Kwa wenye kumbukumbu, hilo lilikuwa kurudi kwenye zama za Muungano wa Kisovieti. Wakati ule anga la Siberia lilikuwa limefungwa kwa wengi, na ndege za kutoka Ulaya kwenda Japani zilitua Anchorage kujaza mafuta; shirika la SAS la Skandinavia lilifungua njia hiyo mwaka 1957. Helsinki haikusogea. Tokyo haikusogea. Kilomita za duara kuu ni zilezile. Muda ukaongezeka kwa zaidi ya theluthi.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kuna upepo.

Mtumbwi unaovuka mto mkubwa haupigi kasia dhidi ya ardhi. Unapiga kasia dhidi ya maji, na maji yenyewe yanakwenda. Ndege ni hivyohivyo. Mabawa yake na injini zake zinaijua hewa tu. Kasi ambayo rubani anaiangalia ni ya kuikata hewa iliyomzunguka, na kwa ndege kubwa za masafa marefu ni asilimia 85 hivi ya kasi ya sauti, ambayo katika baridi ya mwinuko ule ni kama kilomita 900 kwa saa. Ndege za masafa mafupi na ya kati zinakwenda polepole kidogo, 830 au 840. Lakini ile hewa nayo inasafiri. Katika mwinuko wa kilomita 9 hadi 12, kwenye latitudo za katikati, kuna mito ya upepo inayotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Kasi yake mara nyingi inapita kilomita 160 kwa saa, na zipo siku inapita 400. Mjapani Wasaburo Oishi aliigundua katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia; akaandika matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akitumaini dunia nzima itayasoma, na dunia haikuyasoma.

Ile Boeing ya Februari 2020 ilikuwa imeingia katikati ya mto wa namna hiyo. Ukiipima kwa ardhi ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa, kupita kasi ya sauti katika mwinuko ule, na bado haikuvunja kizuizi cha sauti. Hewa iliyokuwa ikipita juu ya mabawa yake ilikuwa ya mwendo wa kila siku. Abiria ndani hawakuhisi kitu, labda mtikisiko.

Watu wengi hudhani upepo ni deni linalolipwa: uliopoteza ukienda utaupata ukirudi. Sivyo, na inafaa tulione kwa namba. Tuseme umbali ni kilomita 5,500, ndege inakata hewa kwa 900 kwa saa, na upepo ni 100. Bila upepo, kila upande ni saa 6 na dakika 7, jumla saa 12 na dakika 13. Ukiwa na upepo nyuma, kasi juu ya ardhi inakuwa 1,000, unafika kwa saa 5 na nusu. Ukiwa nao usoni, kasi ni 800, unafika kwa saa 6 na dakika 52. Jumlisha: saa 12 na dakika 22. Dakika tisa zimepotea, kwa sababu unakaa na upepo mbaya kwa muda mrefu kuliko unavyokaa na upepo mzuri. Upepo ukizidi, hasara inazidi.

Hoja nyingine ninayoisikia mara kwa mara ni kwamba tofauti hii inatokana na dunia kuzunguka: ati ndege ikiwa hewani, dunia inasogea chini yake. Kama ingekuwa hivyo, mtu angepanda helikopta, aning'inie palepale saa kadhaa, kisha ateremke bara jingine, maana kwenye ikweta uso wa dunia unakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege ilikuwa tayari katika mzunguko huo kabla haijaacha ardhi. Mzunguko wa dunia una sehemu yake, lakini kwa mlango wa nyuma: unaipinda hewa inayotoka maeneo ya joto kuelekea ya baridi, na kupinda huko ndiko kunakoifanya mito ya upepo ielekee mashariki.

Kwa kuwa muda unategemea hewa, njia iliyo fupi kwa kilomita si lazima iwe fupi kwa saa. Safari ya Singapore hadi New York inazidi kilomita 15,300 kwa duara kuu na inachukua karibu saa 19. Wapangaji wake hukaa chini kila siku na ramani ya upepo. Ndege inayotoka Singapore mara nyingi hukatiza Bahari ya Pasifiki ili ibebwe na upepo wa nyuma, hata kama kilomita zinaongezeka, kwa sababu saa na mafuta vinapungua. Inayotoka New York inaweza kuanza kwa kuelekea Atlantiki, upande ulio kinyume kabisa na ule ambao mwenzake atajia.

Kuhusu safari fupi, upepo si mchawi mkuu. Hapo kinachokula muda ni ardhi na kupanda na kushuka. Nina mazoea ya kukaa dirishani na daftari dogo na kuandika dakika. Hii ni ya safari moja ya kilomita 500 hivi, kuanzia trekta lilipoanza kuisukuma ndege nyuma. Dakika ya 6, injini zote zimewaka na tunaanza kujiendesha. Dakika ya 17, magurudumu yanaacha ardhi. Kwa muda tunapanda polepole, kwa kuwa nchi nyingi haziruhusu ndege kuzidi kilomita 463 kwa saa kabla haijavuka mwinuko wa kilomita 3 hivi. Dakika ya 37, pua inashuka, tumefika juu. Dakika ya 45, mlio wa injini unafifia: tumeanza kuteremka. Dakika ya 68, tunagusa ardhi. Dakika ya 75, tumesimama na mlango unafunguliwa.

Tazama katikati hapo. Mwendo kamili, ule wa kilomita 800 na kitu, ulidumu dakika 8 kati ya 75. Kupanda kulichukua kama kilomita 200 za kwanza. Kuteremka kutoka mwinuko wa kilomita 10 huanza kama kilomita 190 kabla ya uwanja, kwa hiyo sehemu kubwa ya nusu ya pili ya safari nayo ilikuwa ya kupunguza mwendo. Anayegawanya 500 kwa 850 anapata dakika 35 na kushangaa kwa nini tiketi inasema saa moja na robo.

Tiketi yenyewe haisemi muda wa kuruka. Ratiba huhesabu kuanzia kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu pale maegeshoni hadi kabari nyingine zinapowekwa kule unakofika. Ndani yake mna foleni ya kwenda kupaa, mna kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua (Heathrow ina maeneo manne ya kuzunguka kwa ajili hiyo), na mna dakika za akiba ambazo shirika limeziweka baada ya kutazama safari zake zilizopita. Akiba hiyo ina maana kwa shirika, kwa kuwa linapimwa kwa kufika kwa wakati. Marekani, kwa mfano, ndege huhesabiwa imechelewa ikipitisha dakika 15 au zaidi ya muda wa ratiba. Rubani akitangaza kwamba mmewahi kwa dakika 20, mara nyingi hakuongeza mwendo. Akiba haikutumika. Kuongeza mwendo hakuleti mengi: hata akiongeza asilimia mbili na nusu kwenye safari ya saa sita, ataokoa dakika tisa tu, kwa gharama kubwa ya mafuta.

Ukitaka kukadiria mwenyewe, gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza dakika 40 kwa viwanja visivyo na msongamano au saa nzima kwa vile vikubwa. Kwa London na New York utapata saa 7 na nusu, ambayo iko katikati ya ratiba ya kwenda na ya kurudi. Halafu fikiria upande: ukienda mashariki punguza, ukienda magharibi ongeza, hasa majira ya baridi ya kaskazini, upepo unapokuwa na nguvu zaidi. Kwa safari ya kaskazini na kusini, kwenda na kurudi huwa karibu sawa. Na kama unaunganisha ndege mbili, usitumie makadirio haya kabisa; tumia ratiba, na uache nafasi juu yake.

Linabaki fundo la mwisho, la saa za ukutani. Tiketi huandika saa ya mji unaotoka na saa ya mji unaofika, kila moja kwa majira ya kwake, kwa hiyo kutoa moja kwa nyingine hakukupi muda wa safari. Tokyo iko mbele ya saa za dunia, zile zinazoitwa UTC, kwa saa 9. Los Angeles wakati wa majira ya baridi iko nyuma ya UTC kwa saa 8. Ondoka Tokyo 17:00, yaani saa kumi na moja jioni, uruke saa 10: utafika Los Angeles 10:00, saa nne asubuhi ya siku ileile, saa saba kabla ya ile uliyoondokea. Dawa ni kubadilisha saa zote mbili ziwe UTC kwanza: 17:00 ya Tokyo ni 08:00, na 10:00 ya Los Angeles ni 18:00. Tofauti ni saa 10. Chunga nchi zisizofuata saa kamili, kama India iliyo mbele kwa saa 5 na nusu na Nepal kwa saa 5 na dakika 45, na zile zinazosogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Chunga pia ile alama ndogo ya +1 inayokaa pembeni ya saa ya kufika. Inasema ni kesho yake. Wasioiona hukodi chumba kwa usiku ambao bado watakuwa juu ya bahari.